Hisani au Deni?

Miongoni mwa dhuluma ambazo mwanadamu huzitenda bila kujua, ni chache zilizo nyepesi kutenda na nzito kubeba kama ile ya kumwita mvivu mtu aliyechoka kwa kazi. Mvivu na mwenye kufanya kazi isiyozaa, wakitazamwa kwa mbali, hufanana. Wote wawili mikono yao mitupu. Mwenye shamba apitaye jioni kuhesabu vikapu hawezi kumtenga huyu na yule, na kwa kuwa kuhesabu ndiyo kazi yake, huwahukumu kwa hukumu moja. Shule nazo aghalabu huhesabu vikapu. Mtoto aliyekesha akishindana na ukurasa mmoja, na mtoto aliyelala bila kuufungua, hufika asubuhi wote hawawezi kuusoma, nao hupata alama moja, na pengine fimbo moja.

Walakini mvivu ana faraja moja. Anajua kwamba ni mvivu, na akiadhibiwa huiona sababu ya adhabu yake. Yule mwingine hana faraja hiyo. Amejitahidi, ameshindwa, kisha ameambiwa na watu wazima anaowaamini kwamba hakujitahidi. Hana budi kuchagua moja kati ya mambo mawili: ama wakubwa hawasemi kweli, ama yeye mwenyewe hajui juhudi ni kitu gani. Watoto wengi, kwa kuwa ni watoto, huchagua la pili, nao huishi na uchaguzi huo mpaka ndevu zikawaota.

Mwaka 1896 daktari wa Kiingereza aliyeitwa William Pringle Morgan, mkazi wa Seaford katika pwani ya kusini ya Uingereza, aliandika katika jarida la madaktari habari za kijana mmoja wa miaka 14, jina lake Percy. Macho ya Percy yalikuwa mazima na akili yake nyepesi. Aliweza kuzidisha tarakimu tatu kwa tarakimu tatu upesi na bila kosa. Alikuwa amefundishwa kusoma tangu udogo wake, na bado maneno mafupi kabisa yalimshinda. Hata jina lake alipoliandika aligeuza mahali pa herufi mbili, akaandika Precy, wala hakuliona kosa. Mwalimu wake alitoa ushahidi kwamba Percy angalikuwa hodari kuliko vijana wote wa shule ile kama mafundisho yangalikuwa ya mdomo matupu. Maneno haya yaliandikwa kama habari ya ugonjwa, na madaktari waliyasoma hivyo. Hata hivyo, ndani yake mna swali ambalo si la udaktari. Ikiwa kijana ni wa kwanza kwa mdomo na wa mwisho kwa karatasi, upungufu uko ndani ya kijana, au uko katika uamuzi wa wale waliosema kwamba karatasi peke yake ndiyo itakayompima?

Jina la hali hiyo lilikuwa limekwisha kutungwa. Rudolf Berlin, daktari wa macho wa Ujerumani, alilitumia neno disleksia mwaka 1887 kwa habari za watu wazima waliopungukiwa na uwezo wa kusoma kwa sababu ya maradhi ya ubongo. Morgan na wenziwe walionyesha kwamba mtoto aweza kuzaliwa na ugumu wa namna hiyo bila maradhi yoyote. Huko Marekani, katika jimbo la Iowa, daktari Samuel Orton alichapisha mwaka 1925 uchunguzi wake juu ya watoto wa shule waliodhaniwa kuwa wapumbavu, naye akakuta kwamba baadhi yao walikuwa na akili njema kabisa. Alidhani kwamba sababu ni kushindana kwa pande mbili za ubongo, kila upande ukitaka kushika usukani. Dhana hiyo haikusimama. Wataalamu wa siku hizi wengi wanasema kwamba shina la ugumu huu, kwa watoto walio wengi, liko katika kuzipambanua sauti za maneno na kuziunganisha na herufi. Lakini walimu wawili wanawake waliofanya kazi pamoja na Orton, Anna Gillingham na Bessie Stillman, walitunga katika miaka ya 1930 njia ya kufundisha ambayo ilidumu baada ya dhana hiyo kuanguka. Mara nyingi mkono wa mwalimu hujua jambo kabla ya kitabu cha mtaalamu.

Njia hiyo ndiyo iliyoshikwa na Diana Hanbury King. Mwaka 1955 mwalimu huyu alianzisha huko Marekani kambi ya kiangazi kwa watoto wenye disleksia, akaiita Camp Dunnabeck. Kiangazi cha huko ni majira ya joto, kuanzia Juni hadi Agosti, shule zinapofungwa kwa likizo ndefu na wazazi wenye uwezo huwapeleka watoto wao katika kambi za mashamba na za misitu, wakaogelee, wapande farasi na kuota moto usiku. Katika kambi yake mambo hayo yalikuwapo, na pamoja nayo lilikuwapo somo la kila siku, mwalimu mmoja na mtoto mmoja, kwa muda wa wiki 6.

Hapo pana jambo la kumsumbua mwenye kufikiri. Likizo ndiyo amani ya pekee aliyo nayo mtoto wa namna hii. Kwa miezi kenda amekuwa wa mwisho, na sasa imefika miezi ambayo hakuna mwisho wala mwanzo. Majini hakuna amwulizaye tahajia. Mtini hakuna amwambiaye asome kwa sauti ili wengine wacheke. Yule mwenziwe asomaye kwa urahisi amekwenda zake kucheza, na yeye, ambaye amefanya kazi maradufu mwaka mzima, anaitwa tena kazini. Ni haki gani humnyang'anya aliyechoka pumziko lake na kumwachia asiyechoka?

Hoja hii haijibiwi kwa kusema kwamba somo lilikuwa na faida. Dawa nyingi zina faida na bado ni adhabu. Jibu lake, kama liko, limo katika jambo jingine. Aibu hukua mtu anapodhani kuwa yu peke yake. Katika darasa la watoto 30, mwenye disleksia huenda akawa mmoja, au wawili walio mbalimbali, kila mmoja akificha lake kwa hila: huyu kwa kuchekesha, yule kwa kukaa kimya, mwingine kwa kuomba ruhusa ya kwenda nje kila zamu yake ya kusoma inapokaribia. Kambini mtoto aliketi mezani na wengine ambao wote walikuwa na siri hiyo hiyo. Hila zote zikawa hazina kazi. Mtoto aliyejiona mpumbavu aliwatazama wenziwe, akawaona wanacheza, wanabishana, wanapanda farasi kwa ushujaa, na kila mmoja wao alikuwa ameitwa kama alivyoitwa yeye. Likizo ya nyumbani, hata ikiwa tamu namna gani, isingaliweza kumpa ushahidi huo. Lakini isisemwe kwamba dhuluma iliondoka. Mtoto yule bado alilipa kwa kiangazi chake kitu ambacho mwenziwe alipewa bure. Dhuluma ilihamishwa tu, ikawekwa mahali ambapo aliweza kuibeba.

Na somo lenyewe lilikuwa la namna gani? Kwa mtu wa nje ni jambo la kuchosha. Mwalimu huinua kadi yenye herufi moja. Mtoto huitaja herufi, hutaja neno linaloanza nayo, hutoa sauti yake. Kisha huichora kwa kidole juu ya kitu kinachokwaruza, au hewani kwa mkono wote kuanzia begani, huku akitamka, ili jicho, sikio, ulimi na mkono vifundishwe kwa pamoja, na kimoja kikisahau kingine kimkumbushe. Baada ya herufi huja silabi, baada ya silabi neno, baada ya neno sentensi. Mwalimu husema, mtoto huandika. Kisha mtoto husoma alichoandika. Kesho yote hurudiwa, na jambo moja jipya huongezwa. King alishikilia sana mwandiko wa kuunganisha herufi, kwa sababu katika mwandiko huo b na d, ambazo katika chapa ni kama mtu na kivuli chake, huanza na kwenda kwa njia mbalimbali, na mkono hauzichanganyi. Alifundisha pia kupiga taipu bila kutazama vidole, mtoto akizitaja herufi kwa kinywa kadiri anavyozipiga.

Katika utaratibu huo mna kanuni ambayo yastahili kuitwa kanuni ya maadili kuliko kanuni ya ufundi. Mtoto haulizwi neno ambalo hajafundishwa njia yake. Shule ya kawaida hufundisha mambo kumi na kuuliza kumi na mawili, ikitumaini kwamba mawili yatajileta yenyewe. Na kwa watoto wengi hujileta kweli. Kwa huyu hayaji. Basi kila swali la ziada kwake ni mtego, hata kama aliyelitega hakukusudia. Mwalimu wa mtoto mmoja huahidi, bila kutamka, kwamba hapatakuwa na mtego. Kosa likitokea, huulizwa kwanza ni hatua gani ya mafundisho iliyorukwa. Kwa hiyo lawama, ambayo miaka yote ilikuwa juu ya mwanafunzi, huhamia kwa mwalimu. Ni walimu wachache wanaoweza kuukubali uhamisho huo kwa saa moja. Kuukubali kwa umri mzima ni jambo la kustaajabisha, hata kama uchunguzi wa miaka ya karibuni haukuthibitisha kwamba njia hii ya Gillingham inazipita njia nyingine zote zifundishazo sauti na herufi kwa taratibu na kwa mpango.

Watu husifu maisha ya namna hii kwa neno hisani. Husema: alikuwa mwema, aliwahurumia watoto. Sifa hii ni tamu, walakini ina hila ndani yake. Hisani ni kitu ambacho mtu aweza kukitoa au kutokitoa, na asipokitoa hadaiwi. Anayepokea hisani husimama chini, mikono yake imekingwa. Mtoto mwenye disleksia, akiambiwa kwamba kusoma kwake ni zawadi ya watu wema, huongezewa mzigo wa shukrani juu ya mzigo wa aibu. Ni lazima iulizwe kama mtoto huyu alikuwa mwombaji, au alikuwa mwenye kudai.

Mtoto hujifunza kusema kwa kukaa kati ya watu wasemao. Kusoma ni lazima afundishwe. Hakuna taifa lisilo na lugha, lakini maandishi yana umri wa miaka 5,000 na kitu, na watu walio wengi miongoni mwa wote waliopata kuishi duniani walikufa bila kujua herufi moja, na hawakuwa wapumbavu. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840, zilidumu katika vichwa vya watu mpaka Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipozikusanya pamoja na Mwingereza W. E. Taylor mwishoni mwa karne ya 19. Huenda miongoni mwa waliozihifadhi mashairi hayo walikuwamo watu ambao leo wangeitwa wenye disleksia. Hakuna aliyejua, kwa maana hakuna aliyewapima kwa karatasi. Kilema hiki kilikuwapo mwilini na hakikuwapo mjini.

Baadaye mji ulijenga ukuta. Kazi, cheo, haki mbele ya kadhi na hakimu, hata kuposa katika nyumba fulani, vikawekwa ndani, na lango likawa moja, nalo ni la kusoma. Ajengaye lango moja na kuwalazimisha watu wote walipite ana wajibu juu ya yule ambaye ufunguo wa kawaida haufungui mkononi mwake. Mwenye kupinga atasema kwamba lango halikujengwa ili kumdhulumu mtu, lilijengwa kwa faida ya wote. Kweli. Na hapo ndipo hoja yake inapomgeuka. Ikiwa faida ni ya wote, gharama nayo ni ya wote. Makadirio ya kawaida husema kwamba kati ya watoto 100, watoto 5 hadi 10 wana ugumu huu kwa kadiri mbalimbali. Jamii inayochukua faida ya kusoma kwa watu 90 na zaidi, kisha ikawaachia hawa wachache walipe hasara yote kwa jasho na aibu, imekula mali ambayo si yake. Anayekuja kukaa na mmoja wao saa nzima, juu ya herufi moja, hafanyi hisani. Analipa deni, na ajabu ni kwamba analipa deni la watu wengine.

Malango nayo hayalingani. Mwaka 2001 wataalamu waliwalinganisha watu wazima wenye disleksia wa Italia, Ufaransa na Uingereza. Katika ubongo waliona upungufu wa aina moja kwa wote, lakini Waitalia walisoma kwa usahihi zaidi, kwa kuwa tahajia yao ni nyofu, ambapo Kiingereza huandika o-u-g-h na kuitamka kwa namna nyingi zisizofuatana. Kiswahili katika jambo hili ni ndugu wa Kiitalia: aliyejifunza ba, be, bi, bo, bu hatadanganywa na be iliyogeuka njiani kuwa kitu kingine. Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba mtoto wa Kiswahili yu salama. Husoma polepole, na upole wake huitwa uzito wa akili. Na katika Tanzania, afikapo shule ya sekondari, ambako mafundisho hutolewa kwa Kiingereza, hukutana na lile lango jingine akiwa amechelewa.

Pana utetezi mmoja ambao hutolewa kwa nia njema na ambao wafaa kukataliwa. Wazazi na waandishi hupenda kutaja watu wakubwa waliokuwa na disleksia. Nelson Rockefeller, aliyekuwa gavana wa New York kuanzia 1959 hadi 1973 na kisha makamu wa rais wa Marekani, alisema hadharani kwamba kusoma kulimtesa maisha yake yote. Habari hiyo humtia moyo mtoto, na kwa kadiri hiyo ni njema. Ikitumiwa kama hoja huharibika. Humaanisha kwamba mtoto afundishwe kwa kuwa huenda ndani yake amefichika gavana. Na yule ambaye ndani yake amefichika seremala wa kawaida, au mwuza duka, au mtu asiye na jambo la kutajwa? Deni halipunguzwi kwa sababu mwenye kudai si mashuhuri. Herufi b na d ni mali ya huyu kama zilivyo mali ya Rockefeller, ambaye, ikumbukwe, alizaliwa katika nyumba ambayo ingaliweza kununua walimu kwa makundi.

Neno hilo la kununua ndilo doa lililobaki katika habari ya kambi. Mwalimu mmoja kwa mtoto mmoja ni elimu ya bei kubwa. Aliyepeleka mtoto wake huko alilipa, na asiyekuwa na kitu aliyaona majina ya kambi kama aonavyo mataa ya meli inayopita mbali. Kama kazi ile ilikuwa kulipa deni, basi walilipwa kwanza wale ambao wazazi wao waliweza kumtafuta mlipaji, na maskini, ambaye deni lake lilikuwa lile lile, aliendelea kungoja. Haifai kulificha jambo hili kwa kusifu moyo wa mwanzilishi. Wala haifai kumtwika yeye peke yake. Mtu mmoja hawezi kulipa deni la taifa. Aweza tu kuonyesha kwamba linalipika. Kabla ya kuonyeshwa, serikali husema haiwezekani. Baada ya kuonyeshwa hulazimika kusema haitaki.

Mwaka 1969 King alianzisha shule ya mwaka mzima kwa watoto hao hao, The Kildonan School, kwanza katika jimbo la Pennsylvania na baadaye Amenia, jimbo la New York. Alitunga vitabu vya kufundishia, akawafundisha walimu wengine njia ile, na alikuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha walimu wa mafundisho ya Orton na Gillingham. Pengine kazi hii ya kufundisha walimu ndiyo jibu lake bora kwa shtaka la uchache, kwa maana mwalimu aliyefunzwa huweza kwenda penye shule ya maskini, ambako kambi haiwezi kwenda. Mwaka 1975 Marekani ilitunga sheria iliyompa kila mtoto mwenye ulemavu haki ya elimu ya bure inayomfaa, na disleksia imetajwa ndani yake kwa jina. Miaka 20 ilikuwa imepita tangu kiangazi kile cha kwanza. Deni likakubaliwa kwa maandishi. Kukubali na kulipa ni mambo mawili, na wazazi wengi wa huko wamepanda na kushuka ngazi za mahakama wakiutafuta umbali ulio kati yake.

King alifariki mwaka 2018. Alikuwa amewafundisha watoto kusoma, hakuwa amewaponya, wala hakuahidi kuponya. Mwenye disleksia aliyefundishwa vema husoma, lakini aghalabu husoma polepole mpaka uzeeni. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 katika kiangazi cha 1955, kama yu hai, amekwisha fika miaka 80 au anaikaribia. Wajukuu wake huenda wamerithi ugumu ule, maana hupita katika damu za jamaa. Na barua ikija, yamkini huifungua mwenyewe, hukaa karibu na dirisha, na kidole chake hutangulia chini ya mstari, neno kwa neno, bila haraka, wala hageuki kutazama ni nani anayemwona.